Karafuu ni za Mfuko, Bustani ni ya Chungu

Mwanachama atakayefungua ukurasa huu akitaraji habari za bei, za magunia au za daraja, huenda akashangaa kukuta mchicha. Atauliza: chama cha wakulima wa karafuu kina nini na mboga za majani? Tunajibu kwamba kina mengi. Mkarafuu haulindwi kwa panga na jembe tu; hulindwa pia na chungu kilicho jikoni. Nyumba ambayo chungu chake hutegemea duka siku zote, mikarafuu yake imo hatarini, ijapokuwa imepaliliwa vizuri na imezaa vizuri. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, kisha tuonyeshe njia ya kulitengeneza, njia isiyotaka fedha nyingi wala ardhi kubwa.

KARAFUU HAZILIWI

Sote twajua tabia ya mti wetu. Mkarafuu unaopandwa leo hauanzi kuzaa ila baada ya miaka kadhaa, na hata ukishakuwa mkubwa hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja huelemewa, mwaka wa pili na wa tatu hupumzika. Fedha zake huja kwa mkupuo katika miezi ya kuchuma, na miezi mingine yote mkulima hutoa tu, haingizi. Lakini tumbo halijui msimu. Mtoto hula mwezi wa Machi kama alavyo mwezi wa Septemba.

Hapo ndipo daftari la duka linapoingia. Fedha za msimu uliopita zimekwisha lipa ada za shule, bati za nyumba, harusi na madeni ya nyuma. Sasa mchele huchukuliwa kwa daftari, unga kwa daftari, mafuta kwa daftari, na hata nyanya tatu za mchuzi huandikwa. Deni likikua, hutokea mtu mwenye fedha mkononi akasema, "Niuzie karafuu zako zingali juu ya mti." Mkulima aliyebanwa hukubali, na bei anayopewa si bei ya karafuu, ni bei ya shida. Msimu ukifika, mchumaji hulipwa pishi zake, mnunuzi huondoka na magunia, na mwenye shamba hubaki na makonyo.

Aghalabu lawama zote humwangukia mnunuzi. Lakini tulitazame na daftari lenyewe. Mistari mingi ndani yake si ya vitu vikubwa. Ni mboga ya jana, ni nyanya, ni pilipili, ni muhogo wa futari, ni ndizi za mtoto. Kila mstari ni mdogo, wala hakuna anayeuogopa. Lakini ukijumlisha miezi minane au tisa, mistari hiyo midogo ndiyo inayomtia mtu mikononi mwa anayengojea karafuu mtini. Na mingi ya mistari hiyo ni ya vitu ambavyo vingeweza kuota hatua ishirini kutoka jikoni.

SOMO TULILOKWISHA KUPEWA

Visiwa vyetu vimefundishwa jambo hili zaidi ya mara moja. Karafuu zilifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, na mti ulipofanikiwa, wakulima wengi waliona ni faida zaidi kuuza karafuu na kununua chakula kutoka nje. Mwaka 1872 dhoruba kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo imekuwa kisiwa cha karafuu. Lakini wenye mashamba ya Unguja waliamka asubuhi moja wakakuta mali ya miaka mingi imelala chini.

Mwaka 1942 haukuja upepo, ilikuja vita. Wajapani waliiteka Burma, nchi iliyokuwa ikituletea mchele, na meli za mchele zikasimama. Karafuu zilikuwapo, lakini hakuna aliyeweza kupika karafuu. Watu wakarudi kwenye muhogo, viazi na ndizi, na mwenye kitu shambani ndiye aliyelala ameshiba.

Katika miaka ya 1980 likaja la soko. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na bei ya dunia ikaanguka kuanguka kubaya. Wazee wetu wanakumbuka jinsi watu walivyoiacha mikarafuu ikameza magugu, kwa kuwa ujira wa kuchuma ulikuwa hauna pa kutoka.

Na la karibu zaidi: mwezi wa Julai 2023 Serikali ya India ilizuia mchele mweupe wa kawaida usitoke nchini mwake, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Septemba 2024. India ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa mchele duniani. Akifunga mlango yeye, bei hupanda kila pahala.

Sababu hizi nne zilikuwa mbali mbali: upepo, vita, soko, na amri ya serikali ya nchi nyingine. Hakuna hata moja ambayo mkulima wa Wete, wa Mkoani au wa Donge angeweza kuizuia. Alichoweza ni kuwa na kitu nyuma ya jiko.

Hatusemi kwamba bustani italeta mchele. Mchele ni habari ya bonde, nayo ina makala yake. Tunasema kwamba nyumba ikijitosheleza kwa mboga, kunde, matunda na sehemu ya viazi na muhogo, fedha ya mchele itapatikana bila ya kuuza karafuu zingali juu ya mti.

KUSHIBA NI JAMBO MOJA, KULA VIZURI NI JINGINE

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa katika daftari la duka, nayo ni kubwa kuliko deni. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikufikia kimo cha umri wao. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Huugua kwa wepesi, na darasani huchoka kabla ya wenzake. Na kudumaa huanza mapema, tangu mimba mpaka miaka miwili ya kwanza. Ikishapita miaka hiyo, kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu sana.

Wengi hudhani mtoto hudumaa kwa njaa. Mara nyingi si njaa. Mtoto ameshiba, lakini ameshiba chakula cha namna moja. Wataalamu wa lishe huvigawa vyakula katika makundi 10: nafaka pamoja na viazi na muhogo, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, majani ya kijani, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, mboga nyingine, na matunda mengine. Mwanamke wa umri wa kuzaa anayepata angalau makundi 5 kwa siku, huhesabiwa kuwa yumo katika njia njema.

Sasa tuhesabu chungu cha nyumba nyingi. Asubuhi chai na andazi: nafaka, kundi moja. Mchana wali na dagaa: nafaka tena, na samaki, yakawa makundi mawili. Usiku ugali na mchuzi uliobaki: ni yale yale mawili. Mtu amekula mara tatu, ameshiba mara tatu, na amepata makundi mawili katika kumi. Chai na sukari hazina kundi, na tui la nazi, kwa uzuri wake wote, huhesabiwa kuwa ni mafuta.

Mwenye bustani akiongeza mchicha katika mchuzi, hilo ni la tatu. Akipika mbaazi usiku badala ya kurudia dagaa, la nne. Akikata papai bivu baada ya chakula, la tano. Hakununua hata kimoja. Hivyo ndivyo bustani ndogo inavyoweza kulitoa chungu katika mawili na kulifikisha matano. Na ukiongeza kuku watatu wa mayai ndani ya banda, umefika sita.

PAHALA NA UKUBWA

Wengi wetu tunalima eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, au mashamba ya urithi yaliyokwisha gawanyika mara nyingi. Kwa hiyo mwanachama atasema ardhi yake yote imejaa mikarafuu. Hatuombi eka. Tunaomba pahala pa hatua 12 kwa hatua 5, karibu na jiko. Humo mtaingia matuta 8, kila tuta upana wa hatua moja na urefu wa hatua 5, na njia ya nusu hatua baina ya tuta na tuta. Upana usizidi hapo, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila ya mguu kukanyaga udongo uliolainishwa.

Mambo matatu yaangaliwe katika kuchagua pahala. Kwanza jua: mboga hutaka jua la saa sita au zaidi kwa siku, kwa hiyo chini ya mwembe au mfenesi hapafai. Pili ukaribu: bustani iliyo mbali hutembelewa Ijumaa kwa Ijumaa, lakini iliyo nyuma ya jiko huonwa kila anapotoka mtu kumwaga maji. Tatu, na hili tunalisisitiza kwa wakulima wa karafuu: usilime matuta chini ya mikarafuu iliyokwisha kuzaa. Mizizi yake ya kunyonya chakula iko karibu na uso wa ardhi, na jembe likiikata mti hudhoofika. Katika shamba la miche michanga, ambayo hupenda kivuli, migomba na mihogo baina ya mistari ni mkono wa msaada. Lakini kwenye mti mkubwa, jembe likae mbali.

Zungusha ua wa fito na makuti, au miti inayochipua, kwa kuwa adui wa kwanza wa bustani si mdudu, ni kuku, na wa pili ni mbuzi. Ua huo na banda la kuku vina faida nyingine: msimu ukifika, karafuu zinazoanikwa juu ya majamvi hazitachakurwa wala kuchafuliwa, na karafuu safi ndizo zipatazo daraja la juu.

KIPANDWE NINI?

Wengi walioanza bustani wakaiacha, walikosea hapa: walipanda vitu vinavyotaka kutazamwa kila siku, kisha msimu ukaja. Wakati wa kuchuma, baba yuko mtini, mama anachuma matawi ya chini na usiku anachambua, watoto wanaokota. Hakuna wa kumwagilia kabichi. Kwa hiyo bustani ya mkulima wa karafuu ijengwe juu ya mimea inayokatwa ikachipua tena, yenye kuvumilia kuachwa, ili katika miezi ile ya shughuli iwalishe wenyewe bila ya kuwadai.

Mipango ya matuta 8 iwe hivi:

Matuta mawili ya mchicha. Moja lipandwe, na la pili baada ya wiki mbili, ili moja likiisha jingine liwe tayari. Mchicha huchumwa kuanzia wiki ya tatu au ya nne. Ukichuma ncha na majani badala ya kung'oa, utachipua tena mara kadhaa.

Tuta moja la matembele, yaani majani ya viazi vitamu. Tunashauri itafutwe mbegu ya viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Majani yake ni mboga, na kiazi chake kina vitamini A kwa wingi, hata kimoja cha kadiri hutosha mahitaji ya mtoto mdogo ya siku nzima. Viazi vyeupe ni vitamu, lakini vitamini hiyo karibu havina.

Tuta moja la kunde. Majani machanga ni mboga, na kunde zenyewe huwa tayari baada ya miezi miwili mpaka mitatu. Mizizi yake hurutubisha udongo.

Tuta moja la bamia, ambazo huanza kuzaa karibu na siku ya 50 au 60, na huzaa zaidi kadiri zinavyochumwa.

Tuta moja la bilingani na pilipili, na tuta moja la nyanya na vitunguu vya majani. Nyanya zipandwe masika yanapokwisha, kwa sababu mvua nyingi huzioza.

Tuta la nane ni la kitalu cha miche na la kupumzika. Kila baada ya mavuno matuta yabadilishane. Nyanya, bilingani na pilipili ni ndugu, na maradhi yao ni mamoja. Zisirudi katika tuta lile lile mpaka mengine yapite.

Nje ya matuta ndiyo kuna hazina kubwa. Kando ya ua pandeni mbaazi, ambazo husimama muda mrefu na hazihitaji maji ya mkono. Pandeni mlonge mmoja au miwili, ambao wengine huuita mzunze, na kuukata kila unaporefuka ili majani yafikiwe na mkono. Pandeni kisamvu, yaani mihogo michache kwa ajili ya majani. Maboga yaachiliwe yatambae pembeni, kwani majani, maua na boga lenyewe vyote ni chakula. Penye maji ya bafu pandeni migomba na majimbi. Na mipapai: katika kila shimo tieni miche mitatu, kwa kuwa mingine hutoka midume isiyozaa, ikishatoa maua, ondoeni midume, mkaacha mmoja unaozaa. Papai huanza kuliwa kabla au baada kidogo ya mwaka mmoja. Ndimu moja ikamilishe ua, nayo tutaieleza kazi yake tukifika jikoni.

KALENDA

Kazi kubwa ifanywe mwanzo wa masika, mwezi wa Machi na Aprili: kulima matuta, kupanda mbaazi, mapapai, matembele, mihogo na maboga. Mvua itamwagilia. Ifikapo Julai, wakati miti ya mwanzo inapoanza kutazamwa kwa kuchumwa, matembele, kisamvu, mlonge na majani ya maboga yako tayari, na mtoto wa miaka minane anaweza kutumwa kuyachuma. Vuli, Oktoba na Novemba, ni nafasi ya pili ya mchicha, kunde na bamia.

Mwezi wa Ramadhani una hesabu yake. Bei ya muhogo, ndizi, majimbi na viazi hupanda, na nyumba zinazonunua futari nzima hutoka mwezini na deni jipya. Kwa kuwa Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka, mtu hawezi kupanda kwa kukariri mwezi ule ule. Na ahesabu kurudi nyuma: viazi vitamu miezi minne au mitano, muhogo miezi tisa mpaka kumi na miwili. Mwenye kupanda kwa hesabu hiyo atafuturu kwa chake.

MAJI, MBOLEA NA WADUDU

Visiwa vyetu vimejaaliwa mvua, hasa Pemba, lakini kiangazi cha Januari na Februari huua bustani nyingi, kwa sababu watu hutaka kuziokoa zote. Kila hatua moja ya mraba huhitaji kiasi cha lita 4 kwa siku. Matuta yote 8 yatataka lita 160, sawa na madumu 8 ya lita 20, nani atachota? Wakati wa kiangazi yabakishwe matuta 3 tu, ambayo yatataka madumu 3. Mengine yafunikwe kwa majani makavu yangojee mvua. Maji yaliyooshea mchele na mboga hayana dhambi, yamwagwe hapo. Kumwagilia ni asubuhi au jioni, na tuta likifunikwa kwa nyasi kavu maji hukaa zaidi.

Kwa mbolea, kila tuta lipate ndoo mbili za samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri kabla ya kila mpando. Samadi ya kuku ni kali. Nusu ndoo hutosha, nayo ikae kwanza majuma kadhaa. Asiye na mnyama achimbe shimo, atie majani, maganda ya ndizi na muhogo, taka za jikoni na majivu kidogo, alowanishe na kugeuza. Baada ya miezi miwili au mitatu atakuwa na udongo mweusi usionuka.

Wadudu wadogo wanaong'ang'ania chini ya majani huondoka kwa majivu yanayonyunyizwa asubuhi penye umande. Wakizidi, twangeni majani ya mwarobaini, yalowekeni usiku kucha, chujeni, tieni sabuni kidogo, nyunyizeni jioni. Tunakataza kabisa kutumia dawa za makopo zisizojulikana, au zilizonunuliwa kwa kazi nyingine, juu ya mboga ambayo mtoto ataila kesho kutwa. Mwenye shida na amwone bwana shamba au bibi shamba wa wilaya yake. Ndiyo kazi yao, nao hupenda kuulizwa.

Mbegu zisinunuliwe kila mwaka. Waacheni mchicha miwili mitatu iliyo bora na bamia zilizo nzuri zikomae, mbegu zikaushwe, zitiwe katika chupa pamoja na majivu, na kizibo kikazwe.

JIKONI

Mboga iliyolimwa vizuri yaweza kuharibiwa kwa dakika kumi za moto usiofaa. Mchicha upikwe kidogo, wala maji yake yasimwagwe, kwani humo ndimo vitamini nyingi zilimo. Kuuunga kwa tui, kama walivyofanya bibi zetu, ni hekima kamili: vitamini A huingia mwilini kwa msaada wa mafuta. Kisamvu ni kinyume: kitwangwe barabara na kuchemshwa kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, ili sumu ya asili iliyomo itoke.

Majani yana madini ya chuma yanayotengeneza damu, lakini chuma hiki ni kigumu kuingia mwilini peke yake. Hapo ndipo ndimu inapofanya kazi: kamueni juu ya mboga mkiipakua, au kuleni papai, chungwa au embe pamoja na chakula. Chai hufanya kinyume, huzuia chuma. Kwa hiyo isiandamane na chakula, ingoje kiasi cha saa moja. Neno hili ni muhimu zaidi kwa mama mja mzito na kwa anayenyonyesha, ambao upungufu wa damu huwasumbua sana. Wao pia wasiache vidonge wanavyopewa kliniki. Bustani husaidia dawa, haichukui pahala pake.

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Baada ya hapo aendelee kunyonya, na aongezewe chakula kizito: uji usiwe maji, utiwe dagaa waliosagwa au karanga zilizotwangwa. Apewe kiazi cha rangi ya chungwa kilichopondwa, papai bivu, na mbaazi zilizopondwa na kuchujwa maganda. Vitu hivi vyote, isipokuwa dagaa na karanga, vimo ndani ya ua tulioueleza.

BUSTANI NI YA NANI?

Tumelibakisha hili mwisho kwa sababu ndilo zito. Katika nyumba nyingi kazi ya bustani humwangukia mama. Mara bustani inapoanza kutoa kitu cha kuuza, baba huona fedha, na mchicha uliokusudiwa chungu huishia sokoni, na fedha zake huishia pengine. Bustani ya namna hiyo haidumu. Mama huona hakuna faida ya kuchota maji, naye ana haki.

Kwa hiyo twawaambia wanachama wanaume waziwazi: toeni ardhi, jengeni ua, beba samadi, limeni matuta mara mbili kwa mwaka, kisha hukumu ya nini kiliwe na nini kiuzwe waachieni wake zenu. Ziada ikiuzwa, shilingi zake ziwe za sabuni, chumvi na daftari la mtoto. Na akina mama wenye mikarafuu yao ya urithi, ambao wamo wengi katika chama chetu, wameshaonja wenyewe uchungu wa kuuza karafuu mapema kwa sababu ya chungu; wao hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Tunamwomba kila mwanachama afanye jambo moja dogo kabla ya masika. Na achukue daftari la duka, apige mstari chini ya kila kitu ambacho kingeweza kuota kwake, ajumlishe. Hesabu hiyo itamwambia zaidi kuliko makala hii. Kisha aende nyuma ya jiko, apime hatua 12 kwa 5, asimamishe vigingi vinne. Mwenye mbegu nzuri ya mchicha au marando ya viazi vya rangi ya chungwa na ayalete katika mkutano wa tawi lake awagawie wenziwe, na asiye nayo aje na mfuko mtupu.

Msimu mzuri wa karafuu utakuja, inshallah, na msimu mbaya nao utakuja, kama ulivyokuwa ukija tangu zama za babu zetu. Tunachotaka ni kwamba utakapokuja ule mzuri, karafuu zishuke mtini zikiwa bado ni za mwenye shamba. Na utakapokuja ule mbaya, watoto wasiujue.